Hewa ya Kuanikia Nguo

Jumanne moja, saa moja na robo asubuhi, mhudumu wa pampu namba tatu alimaliza kufuta kioo cha mita, akakunja tambara lake mara mbili, akalitundika kwenye msumari aliokuwa akilitundikia kwa miaka tisa. Alipokwisha kulitundika ndipo alipokumbuka kwamba msumari ule uling'olewa Ijumaa na mafundi rangi. Tambara lilikuwa linaning'inia hewani, nusu mkono kutoka kwenye nguzo, likidondosha maji kama kawaida yake. Alilitazama kidogo. Kisha akavua kofia ya kazi akaitundika kando yake, nayo ikakaa. Kwa kuwa kulikuwa na teksi inayosubiri, alimgeukia dereva na kumwonyesha mita, kama alivyomwonyesha kila mteja tangu aanze kazi.

"Angalia sifuri, kaka."

"Nimeiona. Basi na mimi nitundikie koti, joto limezidi."

Akamtundikia.

Kwa sababu ya maneno hayo mawili, ambayo aliyasema mara mia mbili kwa siku ili asije akasingiziwa wizi, watu wote walimwita Dada Sifuri. Alikuwa na miaka thelathini na minne, alikuwa mwaminifu kupita kiasi kilichohitajika na mwajiri wake, na aliishi na mama yake ghorofa ya tatu katika jengo lililo nyuma ya kituo cha mafuta, ambapo dirisha la jikoni lilitazama moja kwa moja kwenye paa la pampu.

Kufikia mwisho wa wiki jengo zima lilikuwa limeanua kamba zake. Nguo zilianikwa hewani, wima na kwa mistari iliyonyooka, kuanzia usawa wa dirisha la kwanza hadi juu ya tangi la maji. Meneja wa kituo alitundika kalenda na saa ya ukutani mahali pasipo na ukuta. Mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango kuwaarifu wapangaji kwamba, kwa vile sasa wana makabati ambayo hawakuyakuta walipohamia, kodi itapanda. Wapangaji walimtukana kwa adabu, wakalipa.

Hakuna aliyeuliza sababu, kwa maana sababu ilijulikana. Petroli iliyouzwa mjini ilikuwa na salfa nyingi mno, na magari yalikuwa yameipumua mtaani kwa miaka mingi bila kukoma, hata hewa ikafika mahali ambapo haikuweza tena kujiita nyepesi. Dawa nayo ilijulikana. Ilikuwa Kanuni ya Mafuta Safi, yenye kurasa kumi na nne, iliyokwisha kuandikwa, kuhaririwa na kupigwa chapa miaka mitatu nyuma, ikisubiri sahihi.

Ofisi ya kutia sahihi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Meza ya dirishani ilikuwa ya Kitengo cha Hewa, na ya mlangoni ilikuwa ya Kitengo cha Bei za Mafuta. Kwa kuwa matumizi yalikuwa yanabanwa, meza zote mbili zilikaliwa na afisa mmoja, ambaye watu walimwita Bwana Mizani kutokana na neno alilolipenda. Asubuhi alikaa kwenye meza ya Hewa na kumwandikia Mkuu wa Bei barua ya heshima, akimsihi aidhinishe Kanuni kwa ajili ya mapafu ya wananchi. Saa saba, baada ya chakula, alihamia meza ya pili, akaifungua barua, akaisoma kwa makini, na kujibu kwa masikitiko kwamba petroli safi ingeongeza bei ya mkate mmoja juu ya kila lita tano, na kwamba wananchi wana matumbo pia. Wafagiaji wa ofisi walisema majibu yale yalikuwa makali kidogo, na kwamba kesho yake asubuhi Bwana Mizani aliyapokea kwa uchungu wa kweli.

Dada Sifuri alikuwa na haraka kuliko barua hizo. Mama yake, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Cherehani, alikuwa na kifua. Kikohozi chake kilianza kila siku saa nne na dakika tano, malori ya mizigo yalipofika kwenye taa za barabarani, na mstaafu wa reli wa ghorofa ya pili alikuwa akirekebisha saa yake ya mfukoni kwa kukisikiliza. Daktari alisema kifua hicho hakitavuka kiangazi kingine katika hewa ile. Mgonjwa ahamishiwe kwenye hewa nzuri. Alipoulizwa hewa nzuri iko wapi, daktari alitazama dari.

Kwa hiyo Dada Sifuri alikusanya sahihi. Daftari lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kwenye pampu namba tatu pamoja na kalamu, na mteja aliombwa kutia sahihi wakati mafuta yakiingia. Mwenye kununua lita mbili alipata nafasi ya kuandika jina tu. Mwenye kujaza tangi aliweza kusoma mpaka aya ya pili, na baadhi yao, walipofika kwenye neno "bei", waliomba kifutio. Hata hivyo, baada ya miezi miwili, daftari lilikuwa na sahihi mia nne na kumi na moja.

Alasiri moja upepo ulilisogeza shimizi la Mama Cherehani mbali na dirisha. Alinyoosha mkono, halikufikika. Akapandisha mguu dirishani, akaijaribu hewa kwa kisigino kama mtu anayejaribu ubao wa daraja, akaona ina nguvu za kutosha, akatoka. Alilichukua shimizi, akalikung'uta, akalikunja. Ndipo alipogundua kwamba pale alipo anapumua vizuri zaidi kuliko jikoni. Akapanda hatua moja, pumzi ikaongezeka. Akapanda nyingine. Aliendelea kwa utaratibu huo, akipumzika kila hatua ya kumi kwa sababu ya magoti, mpaka alipopita tangi la maji, na juu ya tangi, kimo cha ghorofa mbili zaidi, utusitusi uliisha na kikohozi kikaisha nao.

Dada Sifuri alimkuta huko aliporudi kutoka kazini.

"Mama, unafanya nini?"

"Napumua. Wewe unaniona nafanya nini?"

"Utashuka saa ngapi?"

"Nishuke nije kukohoa? Nimekohoa miaka sita, inatosha, sasa akohoe mwingine. Niletee kiti. Kile chenye mto, si kile cha baba yako, kile kina kunguni tangu enzi za uhai wake."

Alipelekewa kiti, kisha meza ndogo, kisha cherehani yenyewe, ambayo mstaafu wa reli na dereva wa teksi waliipandisha wakiwa wameishika huku na huku na kulaumiana kila hatua. Wateja walimfuata kwa kikapu na kamba. Suruali ilipanda ikiwa na zipu iliyokufa, ikashuka ikiwa nzima, na Mama Cherehani alikuwa akiwapigia kelele kutoka juu, "Mwambie mwenye hii apunguze kula, au alete kitambaa cha kuongezea!" Mtaa uliona kwamba kazi yake ilikuwa imeimarika. Mstaafu wa reli peke yake ndiye aliyelalamika, kwa kuwa saa yake ilianza kuchelewa.

Jambo moja Dada Sifuri aliligundua Jumapili ya kwanza. Siku hiyo magari yalikuwa machache, na saa sita mchana mama yake, pamoja na kiti, meza na cherehani, alikuwa ameshuka mpaka usawa wa antena za paani. Jumatatu, foleni iliporudi, alipanda tena mahali pake. Dada Sifuri alilipima jambo hilo kwa wiki tatu, akalinganisha na mita yake ya mauzo, na hakulisema kwa mtu. Alikuwa ameshaelewa. Mama yake alikuwa ameketi juu ya petroli aliyoiuza yeye.

Daftari nalo lilikuwa limeshafika ofisini. Bwana Mizani wa asubuhi alilipokea kwa mikono miwili na, kwa mara ya kwanza, akapata kutoka kwa Bwana Mizani wa mchana kibali cha majaribio: kituo kile kingeuza petroli safi kwa siku moja, Alhamisi, kwa bei yake halisi.

Alhamisi saa tatu asubuhi kofia ya Dada Sifuri ilianguka kutoka hewani. Saa nne soksi za jengo zima zilidondoka juu ya paa la pampu. Saa ya meneja ilifuata, kisha kalenda. Dada Sifuri alikuwa ameshika bomba la mafuta wakati alipovuta pumzi na ikaingia yote, mpaka chini, mahali ambapo hakukumbuka kama pana nafasi. Alinusa sabuni ya nguo za watu. Alinusa mkate kutoka duka la kona, umbali wa vichochoro vitatu. Kulikuwa na harufu ya tatu ambayo hakuitambua, na ilimbidi amuulize mstaafu wa reli, aliyeshuka kuokota soksi zake.

"Hiyo ni ardhi, binti," alisema mzee. "Mvua ya jana. Zamani ilikuwa inanukia hivyo kila mara. Hata kwenye stesheni."

Dereva wa teksi aliitazama bei mpya ubaoni, akaitazama pochi yake, akanunua nusu ya alichozoea.

"Sikatai, dada, kifua kimefunguka kweli," alisema. "Lakini nina watoto watatu, na mwalimu mkuu hapokei pumzi."

Dada Sifuri alimrudishia chenji, kwa maana alikuwa na haki. Wakati huo huo mkasi wa kushonea ulitoka juu, ukapita kati yao na kusimama wima kwenye paa la teksi.

"Samahani!" Mama Cherehani alipaza sauti. "Meza imelala upande!"

Alikuwa chini ya tangi la maji, kiti kikiwa kimeinama, mkono mmoja umeshika cherehani na mwingine umeshika shimizi lililoanzisha safari yote. Chini yake palikuwa na saruji. Dereva aliuchomoa mkasi, akapima tundu kwa kidole, akauliza nani atalilipia. Saa kumi na mbili jioni lori la petroli ya kawaida lilirudi, mtaa ukachukua tena rangi yake, na Mama Cherehani akapanda polepole, akikohoa mpaka alipovuka tangi.

Dada Sifuri alimpandia na chai. Ilimlazimu kukanyaga kwa uangalifu, kwa sababu hewa ilikuwa bado mbichi.

"Kesho kutwa ni kikao," alisema. "Wananiita mimi kama mwenye daftari. Nikisema ndiyo, Kanuni inapita."

"Sema ndiyo. Si ndicho ulichokuwa unakililia?"

"Na wewe utaanguka."

"Nitashuka kabla."

"Ukishuka utakohoa miezi minane, mpaka vituo vyote vimalize petroli ya zamani na hewa itakate. Daktari alisema hutavuka kiangazi."

Mama Cherehani alikata uzi kwa meno. "Mwanangu, mimi ni mwanamke mzima, si shimizi. Usinitumie kama kisingizio. Wakitaka, wataniwekea kitu cha kukalia. Vyuma haviko mjini? Mbona wanapopaka rangi bango la bia wanasimamisha jukwaa refu kuliko hili?"

Hilo lilikuwa wazo zuri, na Dada Sifuri aliliandika kwenye karatasi kwa lugha ya kiserikali.

Kikao kilifanyika katika chumba chenye meza mbili. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi: madereva, wapangaji, mwenye nyumba aliyekuja kutetea makabati yake. Dada Sifuri aliomba jukwaa la vyuma lenye kimo cha ghorofa sita, la kumshikilia raia mmoja, kiti kimoja na cherehani moja, kwa miezi minane. Likishasimama, alisema, yeye na watu mia nne na kumi na moja wanaunga mkono Kanuni.

Bwana Mizani, akiwa kwenye meza ya Hewa, alitikisa kichwa kwa huruma. "Ombi la haki kabisa," alisema. Akaandika barua, akaipiga muhuri, akaikunja, akainuka, akazunguka chumba, akaketi kwenye meza ya Bei, akavaa miwani nyingine, akaifungua.

Aliisoma mpaka mwisho.

"Namheshimu sana mwenzangu wa Hewa," alisema hatimaye, "lakini huwa hafikirii. Gharama ya jukwaa italazimika kuwekwa juu ya lita. Tumeshaongeza mkate, sasa anataka tuongeze na siagi?"

Madereva walicheka na kupiga makofi. Dada Sifuri alisimama.

"Mzee, mbona mwenzako ni wewe?"

"Kikazi, hapana," alijibu Bwana Mizani, bila kuudhika. "Binti yangu, utawala ni mizani. Huku kuna hewa, huku kuna bei. Na sasa umeniletea kitu cha tatu, ambacho ni mama yako, na mizani ina sahani mbili tu. Naweza kuipitisha Kanuni leo hii. Au naweza kuiahirisha kwa miaka mitano, kwa sababu za usalama wa raia aliye juu. Raia huyo ni jamaa yako. Sahihi ni yako."

Alimsogezea karatasi mbili. Mama yake alionekana dirishani kwa mbali, juu ya mapaa, mdogo kama kifungo, akizungusha gurudumu la cherehani. Dada Sifuri alizitazama karatasi zote mbili kwa muda ambao dereva wa teksi baadaye aliukadiria kuwa lita kumi na nane. Alitoa kalamu yake, ile ya mnyororo, ambayo ilikuwa imeandika majina mia nne na kumi na moja. Kisha akatia sahihi kwenye karatasi ya kuahirisha.

Watu walimshangilia. Walimbeba mabegani mpaka kituoni, wengine kwa ajili ya bei na wengine kwa heshima ya mama yake, na njia nzima hakuna aliyeona kwamba analia, au waliona wakadhani ni moshi. Gazeti liliandika kwamba wananchi wamechagua mizani. Mama Cherehani alipandishiwa habari, kwa maana kikapu kilifanya kazi pande zote mbili. Kwa siku mbili alikataa chai, na siku ya tatu aliteremsha kikombe kitupu kikiwa na kikaratasi: *Niliwahi kukufundisha kusoma karatasi kabla ya kutia sahihi. Niletee uzi mweusi.*

Mwezi uliofuata petroli ilipanda bei ya mkate mmoja na nusu kwa kila lita tano, kwa sababu za soko. Ilikuwa petroli ile ile. Bwana Mizani wa asubuhi alimwandikia Bwana Mizani wa mchana barua ya kuuliza, na akajibiwa kwamba soko halina ofisi, hivyo hakuna pa kupeleka malalamiko.

Watu walipunguza safari. Foleni zikawa fupi, na siku ya nne Mama Cherehani alikuwa ameshuka kwa kimo cha dirisha moja. Tangu siku hiyo Dada Sifuri aliongeza maneno kwenye yale mawili aliyojulikana nayo. Alimaliza kumhudumia mteja, akafunga kifuniko cha tangi, akaegemea dirisha la gari na kusema kwa sauti ya chini:

"Ukishatoka hapa, kaka, simama kidogo pale ukutani. Usizime. Acha iungurume dakika tano."

"Mafuta yenyewe bei hii, dada?"

"Tafadhali. Nakuomba."

Wengi walisimama, kwa kuwa walimjua mama yake na walikuwa na suruali kwake. Dereva wa teksi alikuwa akisimama dakika kumi, na hakuwahi tena kulitaja tundu la paa. Daftari lilirudishwa kwenye mnyororo wake. Dada Sifuri alilitumia kuandika kimo cha mama yake, asubuhi na jioni.

Kiangazi kilipoanza, Jumatatu moja, malori yalifika kwenye taa za barabarani na Dada Sifuri akakohoa. Alikohoa kwa muda, akiwa ameshikilia nguzo, mahali palipokuwa na msumari. Kule ghorofa ya pili mstaafu wa reli alitoa saa yake mfukoni, akaiona inachelewa dakika ishirini na mbili, akaisogeza mpaka saa nne na dakika tano, akaijaza ufunguo kwa shukrani.

Kikapu kilishuka mbele ya pampu namba tatu. Hakikuwa na suruali. Ndani yake mlikuwa na futi ya kushonea, imeviringwa, na kikaratasi: *Pima kiti chako, upana na urefu. Nikushonee mto mapema.*

Wakati wa mapumziko alikwenda chumba cha wahudumu, akapima kiti, akaandika vipimo nyuma ya kikaratasi, akavuta kamba mara mbili. Kikapu kikapanda. Alifuta kioo cha mita, akatundika tambara hewani, akamgeukia mteja aliyefuata.

"Angalia sifuri," alisema.